Swali la Kumi na Nne

Seli zangu zilinyamaza kwenye kishimo cha tisa.

Nilidhani nimekosea. Nikafuta kioo cha darubini kwa kitambaa, nikatazama tena. Mbele yangu kulikuwa na sahani ya plastiki isiyozidi kiganja, yenye vishimo kumi na viwili. Kila kishimo kilikuwa na tone la damu ya mtu mmoja, na juu ya kila tone nilikuwa nimedondosha seli zilizotoka kwenye mkono wangu mwenyewe asubuhi ile. Zikikutana na mgeni hung'aa rangi ya chungwa. Zikikutana na mwenyeji hukaa giza. Kishimo cha kwanza kilikuwa damu yangu: giza. Cha pili kilikuwa damu ya Mama Subilaga, aliyeniazima kinga yake: giza, kama inavyotakiwa. Kuanzia cha tatu vyote viliwaka kama makaa, isipokuwa cha tisa.

"Kaka Amba," niliita. "Njoo unitazamie."

Ambakisye aliweka kikombe chake cha kahawa kwenye dirisha la korido, mahali anapodai kuwa ni nje ya maabara, akaingia huku akivuta mikono ya sweta lililokuwa juu ya sweta jingine. Mvua ilikuwa ikinyesha Tukuyu kwa siku ya nne mfululizo. Amekuwa fundi wa maabara katika taasisi yetu kwa miaka ishirini na sita, na ameona watafiti vijana wakija na kuondoka kama misimu ya parachichi.

"Haya, daktari mtoto, umeona nini?"

"Cha tisa haking'ai."

Akainamia darubini. "Umesahau kudondosha seli."

"Nimedondosha."

"Basi umedondosha mara mbili kwenye cha nane."

"Kaka Amba!"

"Rudia," alisema kwa upole. "Hakuna kulia kabla ya kurudia."

Sikuwa nikilia. Nadhani sikuwa nikilia. Nilirudia, na mara ya tatu alidondosha yeye mwenyewe, kwa mkono wake usiotetemeka, mimi nimesimama pembeni nimejikumbatia. Cha tisa kikabaki giza.

"Ni damu ya nani?" aliuliza.

Nilijua ni ya nani. Kanuni zilitaka sampuli moja itoke kwa ndugu wa mtoaji, na ndugu huyo alikuwa Lusajo, mtoto wa dada yake Mama Subilaga, dereva wa lori la kiwanda cha chai. Ni mtu wa miaka arobaini na moja, mwenye kicheko cha kujaza chumba.

"Mtoto wa dada hawezi kunyamazisha seli hivi," Ambakisye alisema. "Mimi watoto wa dada yangu wakija kunitembelea, mwili wangu wote unang'aa."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya siku hiyo nilidungwa seli za Mama Subilaga, kiasi cha kujaza kijiko. Hicho ndicho tunachokiita kuazima. Mwili wa mtu aliyepona homa ya kijivu hukumbuka. Ndani ya uboho wake zimo seli zilizowahi kupigana na ugonjwa ule, na hazisahau sura yake. Kazi yangu ilikuwa kuzifundisha seli hizo kuishi katika mwili wa mtu mwingine bila kumdhuru, ili kumbukumbu ya mmoja iwatoshe wengi, kwanza watoto wa Kyela, ambao hudungwa dawa ya homa hiyo kila mwezi. Kumbukumbu ya Mama Subilaga ilikuwa na nguvu kuliko zote tulizowahi kupima. Aliugua akiwa na miaka kumi na saba, mwaka ule wa karantini, katika kambi ambayo waliotoka hai hawakuwa wengi.

Mtu wa kwanza kubebeshwa nilikuwa mimi, kwa sababu hiyo ndiyo kanuni ya Tuzo ya Chipukizi. Tuzo hii hupewa mtafiti wa kinga ambaye hajafikisha miaka mitano kazini. Anayeshinda hupata maabara yake, wasaidizi wawili, na miaka mitano ya kuifuata kazi yake bila kuomba ruhusa mlango hadi mlango. Lakini haruhusiwi mtu kuomba kwa kazi ambayo hajaibeba mwilini mwake mwenyewe. Waliotunga kanuni walitaka tuwe na huruma kwa wale tutakaowapa dawa zetu. Sijui kama waliwafikiria wale tunaochukua kwao.

Zilikuwa zimebaki siku tano nikae mbele ya jopo.

Tulipeleka damu yangu kwa msomaji. Ni mashine ndogo kama redio, lakini wote tunaiita msomaji, kama mtu. Huzifungua kumbukumbu za kinga moja moja kama kurasa za daftari: surua ya utotoni, malaria ya mwaka fulani, chanjo, homa ya kijivu, kila moja na umri wake. Ili kuokoa muda, msomaji huruka kurasa ambazo fomu ya mtoaji imesema hazipo. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilimwamuru asiruke chochote.

Ilichukua dakika arobaini. Kisha, baada tu ya homa ya kijivu, ukatokea ukurasa ambao sikuwahi kuuona.

*Mimba. Moja. Ilifika mwisho wake. Miaka arobaini na moja iliyopita.*

Mwili wa mwanamke mjamzito hujifunza jambo gumu: kumwona mgeni na kutompiga. Baadhi ya seli zake hugeuka walinzi wapole, ambao kazi yao ni kuwaambia wenzao, huyu mwacheni, ni wetu. Mtoto akizaliwa, walinzi wachache hubaki kwa miaka mingi. Haya niliyaandika kwenye mtihani wa mwaka wa pili chuoni, nikapata alama nzuri. Sasa walinzi hao walikuwa ndani yangu, mimi ambaye sijawahi kubeba mtoto, hata mchumba sina, na walikuwa wamemtambua dereva wa lori.

Nikajishika tumbo. Sijui kwa nini. Ndani hamkuwa na kitu isipokuwa chai na maandazi.

"Fomu ilisema nini?" Ambakisye aliuliza.

Nilianza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Tusekile. Swali la kumi na nne. Fomu ilisema nini?"

"Hapana," nilisema. "Niliandika hapana."

*

Swali la kumi na nne linasomeka hivi: Je, umewahi kubeba mimba? Linatakiwa kuulizwa kwa maneno hayohayo, mtoaji akiwa peke yake na muulizaji.

Siku niliyokwenda kwa Mama Subilaga mara ya kwanza, kule Mwakaleli, Lusajo alikuwepo. Alikuja kumsindikiza mama yake mdogo katika mazungumzo. Ndivyo ilivyo kwetu. Mtu mzima hahojiwi na mgeni akiwa mpweke, kana kwamba ameiba kuku. Lusajo aliketi karibu na mlango akimenya ndizi za kupika, kazi ambayo hakuijua vizuri, na Mama Subilaga alikuwa akimkemea kila baada ya dakika kwamba anatupa ndizi na kubakiza maganda.

Nilipiga goti kumwamkia, nikapewa kigoda, nikaanza. Jina. Umri. Magonjwa ya utotoni. Nililifikia la kumi na tatu bila shida. Kisha nikaliona la kumi na nne na uso wangu ukapata joto. Alikuwa na umri wa mama yangu. Nyumba yake haikuwa na dalili yoyote ya mtoto. Ningemkazia macho na kumwuliza vile? Ningemwambia Lusajo, kaka, samahani, hebu toka nje?

Kwa hiyo niliuliza kama tunavyouliza.

"Mama, na watoto hawajambo?"

Kisu cha Lusajo kilisimama, kisha akaangua kicheko. "Mama mdogo hakujaliwa, dada. Watoto wake ni sisi, na kwa usumbufu tunamtosha."

Mama Subilaga alimtazama kwa muda, akatabasamu. "Wananitosha," alisema.

Niliandika hapana. Nikajiona nimemstahi.

*

Kesho yake Ambakisye alikuwa na mapendekezo matatu. Alinihesabia kwa vidole huku akiosha chupa.

"La kwanza. Kishimo cha tisa kimevunjika. Sahani huanguka kila siku."

"Jopo halitazami sahani. Linachukua damu yangu palepale mezani, linaisoma yote na kuilinganisha na sampuli za faili."

"La pili. Sema mimba ni yako."

"Ya miaka arobaini na moja? Mimi nina ishirini na saba."

"Basi uliwahi mno." Alicheka peke yake, kisha akaona uso wangu, akaacha. "La tatu. Jitoe."

Hilo nilikuwa nimeshalifikiria. Lakini mwombaji akijitoa, faili lake halifi. Hukabidhiwa mtafiti mwingine wa taasisi, pamoja na sampuli zote, nazo husomwa na jopo vilevile. Kila nilipogeuka niliukuta ukurasa ule ule.

Wala usomaji wa jopo hauishii mezani. Tangu enzi ya homa kuna Sajili ya Damu, orodha ya serikali ya nani ni ndugu wa nani. Uhusiano wowote wa mama na mtoto ukisomwa na jopo, Sajili huuandika, na pande zote mbili huarifiwa ndani ya siku saba. Sheria hii haina adui. Kinga ya mama ndiyo rahisi kuazimwa na mtoto wake, na wako watu wanaopumua leo kwa sababu Sajili iliwatafutia mama waliyepoteana naye kambini. Mimi mwenyewe niliwahi kuisifia darasani.

"Kwani yeye anasemaje?" Ambakisye aliuliza.

"Nani?"

"Mwenye mimba, daktari mtoto. Umeongea na seli zake siku nzima. Na yeye?"

*

Nilikwenda Jumamosi mchana. Lusajo alikuwa safarini na lori. Mama Subilaga alikuwa ameketi barazani na ungo wa maharage mapajani, akichambua mawe. Upande wa pili wa migomba, dada yake Tumpe, ambaye Lusajo humwita mama, alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa isiyofuata wimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kinga yangu inakula sana huko ndani?"

"Haili sana."

"Basi itakuwa inasema sana."

Niliketi. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno yangu njia nzima, na yote yakapotea. Nikachukua konzi ya maharage kwenye ungo wake, nikaanza kuchambua na mimi. Tukachambua. Wimbo wa Tumpe ukafika mwisho na kuanza upya.

"Umeona," alisema, bila kuniangalia.

"Nimeona, mama."

"Ilikuwa zamani sana."

"Mwili unaandika."

"Kila kitu?"

"Karibu kila kitu."

Alitupa jiwe uani. "Nilidhani mmechukua homa tu."

Kisha akanieleza, kwa sentensi fupi, kama mtu anayesoma orodha aliyoiandika mtu mwingine. Baba wa mtoto alikufa wiki ya pili ya karantini. Tumpe naye alijifungua kambini humohumo, na mtoto wake akafa kwa homa. Yeye, Subilaga, alikuwa msichana wa shule. Siku geti la kambi lilipofunguliwa, mama yao alimchukua yule mtoto mikononi mwake, akamweka kwenye mikono ya Tumpe, akasema hapa kuna mama mmoja na mtoto mmoja, mambo yamekwisha.

"Na yakaisha kweli," alisema. "Nilimnyonyesha kwa siri miezi mitatu. Dada alikuwa akinigeuzia mgongo ili asione. Hatujawahi kulizungumza. Mpaka leo."

"Lusajo hajui?"

"Lusajo anajua kuwa mama yake ni Tumpe, na ni kweli. Tumpe ndiye aliyekesha naye."

Nikamweleza kuhusu walinzi na damu ya Lusajo kwenye kishimo cha tisa, kisha kuhusu jopo. Nikamweleza kuhusu Sajili na siku saba. Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Hapana," alisema. "Hapana, mwanangu. Tumpe atadhani nimerudi kumdai. Na yule, ana watoto wanne wanaomwita Tumpe bibi. Utaichukua karatasi yako uwagawie mabibi wapya?" Sauti yake haikupanda. Ilikuwa ikishuka. "Mimi nilikubali sindano kwa ajili ya watoto wa Kyela. Sikukubali hili. Uliniuliza lini?"

Ni kweli, sikuuliza.

Nilipoinuka kuaga, akanishika kifundo cha mkono, pale pale ambapo huwa natoa damu.

"Hao walinzi," alisema. "Walipomwona, walimjua?"

"Nani, mama?"

"Lusajo. Walimjua?"

"Seli hazimjui mtu. Zilinyamaza tu."

"Zilinyamaza," alirudia. Macho yake yalijaa maji, naye alikuwa akitabasamu. "Kama mimi."

Nilirudi Tukuyu nikiwa sielewi nimeombwa nini. Alinikataza kusema. Lakini aliponishika mkono aliushika kama mtu aliyesubiri miaka arobaini na moja aulizwe. Nikajiuliza kama siri ikifichuliwa itamvunja, au kama ikifichwa ndiyo inayomvunja, na kila nilipodhani nimepata jibu nilisikia tena ule wimbo wa kanisani upande wa pili wa migomba. Usiku sikuota chochote. Nilitegemea ningeota kitu chake.

Siku mbili kabla ya jopo nilisoma kitabu cha kanuni chote, pamoja na zile kurasa za nyuma ambazo hakuna anayezisoma. Kanuni ya kumi na moja ilikuwa na mistari miwili. Swali moja la fomu likirukwa, ridhaa si ridhaa. Faili lote hubatilishwa, na kila kilichosomwa huteketezwa bila kufunguliwa.

Nilimwonyesha Ambakisye. Alisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Hii inakuondoa kwenye tuzo."

"Najua."

"Mwaka na zaidi wa kazi. Watoto wa Kyela watarudi kwenye sindano ya kila mwezi."

"Najua, Kaka Amba."

"Na itaandikwa kwamba ulighushi jibu."

"Nilighushi."

Akanirudishia kitabu. Hakuniita daktari mtoto siku hiyo.

*

Jopo lilikaa Mbeya, katika ukumbi wenye mapazia mazito na viti vinavyolia. Mwenyekiti alikuwa Profesa Mwantumu Shehoza, mwanamke mwembamba kutoka Tanga, mwenye miwani aliyoivaa kwa uzi shingoni. Kushoto na kulia kwake walikaa wajumbe wawili, wanaume wazima. Muuguzi alinifunga mpira mkononi. Msomaji alikuwa mezani, taa yake ya kijani ikiwaka, na pembeni yake chombo cha Sajili kikisubiri, tayari kupokea.

"Kabla damu haijatoka," Profesa alisema, "una marekebisho yoyote kwenye faili lako?"

Ni swali la desturi. Wote hujibu sina, halafu hunyoosha mkono.

"Ninayo," nilisema.

Sauti yangu haikutoka vizuri. Mjumbe wa kulia aliinua kichwa. "Amesema nini?"

"Ninayo. Swali la kumi na nne halikuulizwa."

Profesa alifunua kurasa. "Fomu inasema liliulizwa, na jibu ni hapana."

"Niliandika mimi. Sikuuliza hivyo."

"Uliulizaje?"

"Niliuliza kama watoto hawajambo."

Mjumbe wa kushoto alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshtukizwa, kisha akaziba mdomo kwa karatasi.

"Kwa nini?" Profesa aliuliza.

"Nilimwonea haya. Na hakuwa peke yake, na sikuweza kumwambia aliyekuwepo atoke."

"Unaijua kanuni ya kumi na moja?"

"Naijua, Profesa."

"Umeisoma lini?"

"Juzi."

Alivua miwani. Ikaning'inia kifuani mwake. "Juzi. Umekaa na faili hili zaidi ya mwaka, ukaisoma juzi. Binti, nikisoma damu yako sasa hivi, nitaona nini?"

Nilifikiria. Mpira ulikuwa umenibana na vidole vyangu vilianza kufa ganzi.

"Sijui nisemeje bila kusema, Profesa."

Mjumbe wa kulia aliinama mbele. Hakuwa na ukali, na hilo lilinipa shida zaidi. "Kuna watoto Kyela wanaodungwa kila mwezi mpaka wanakimbia wakiona gauni jeupe. Kazi yako ingewapa sindano moja kwa miaka kumi. Sasa wangoje kwa sababu wewe ulikuwa na haya?"

Jibu la hilo nilikuwa nimeliandaa. Nililiandika kwenye karatasi na kulikariri. Lilikuwa jibu zuri, na sikumbuki hata neno lake moja.

"Ndiyo," nilisema. "Wangoje. Sijui kama ni sawa. Najua tu kwamba huyu mama alinipa kinga yake. Mengine hakunipa. Nimeyachukua kwa sababu sikuuliza, na sasa niko nayo, na sijui pa kuyaweka. Lakini hapa siyo pa kuyaweka."

Nilidhani Profesa angenigombeza. Alikuwa akinitazama mkono, siyo uso. Kisha akafika kwa msomaji na kubonyeza, na taa ya kijani ikazimika.

"Mfungueni," alimwambia muuguzi.

Faili liliteketezwa mbele yangu, nyuma ya jengo, katika pipa. Sampuli zote kumi na mbili ziliingia, pamoja na ile ya tisa. Tuzo alipewa kijana wa Mwanza aliyebeba kinga ya watu wasiodhurika na kupe, naye alinipa mkono kwa huruma kana kwamba nimefiwa.

Profesa Shehoza alinikuta kwenye ngazi nikitafuta mwavuli wangu.

"Ulichobeba mwilini hakiteketezwi," alisema. "Hilo kanuni haikulifikiria."

"Ndiyo, Profesa."

"Kitakaa muda gani?"

"Miaka kumi. Labda zaidi."

"Basi kibebe vizuri." Alishuka ngazi mbili, akasimama. "Hilo la watoto hawajambo. Mama yangu angeuliza hivyohivyo." Akaendelea kushuka, na sikujua kama amenisifu au amenilaumu.

*

Wiki tatu baadaye taasisi ilinitumia fomu mpya. Maswali yalikuwa yaleyale, isipokuwa chini ya la kumi na nne palikuwa na mstari mpya ambao haukuwepo mwanzo: Je, unaruhusu jibu hili lisomwe na mtu mwingine? Mtoaji akisema hapana, msomaji angefungwa ukurasa huo mbele ya jopo lolote, na Sajili isingeona kitu. Barua iliyoambatana nayo ilisema ninaweza kuanza upya, nikitaka, na mtoaji mwingine au na yule yule, kwa tuzo itakayotolewa baada ya miaka miwili.

Nilimkuta Mama Subilaga jikoni. Lusajo alikuwepo, ameegesha lori barabarani, anasimulia habari ya mnunuzi wa chai aliyetumbukia mtaroni na mkoba wake. Nilimwamkia, nikacheka pale pa kucheka. Kisha nikavuta pumzi.

"Kaka Lusajo," nilisema, "samahani sana. Naomba utoke nje kidogo. Nina swali la mama peke yake."

Alinitazama kwa mshangao, akamtazama yeye. Mama Subilaga alikuwa ameshika mwiko hewani.

"Nenda kamwangalie mama yako kama amekula," alimwambia taratibu.

Akatoka. Nilisogeza kigoda changu mpaka magoti yetu yakakaribiana. Joto lilipanda usoni kama siku ile, likafika masikioni. Nikaifunua fomu, ingawa sikuihitaji.

"Mama. Je, umewahi kubeba mimba?"

Aliweka mwiko chini. Alijifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, muda mrefu.

"Ndiyo," alisema.

Lilikuwa neno dogo, na alilisema kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani. Akalisema tena, kwa nguvu kidogo. "Ndiyo. Mmoja. Wa kiume."

"Unaruhusu jibu hili lisomwe na mtu mwingine?"

"Hapana." Akafikiria. "Hapana kwa sasa. Hilo la kwa sasa lina nafasi hapo?"

Nikatazama. Nafasi haikuwepo. Nikaliandika pembeni, kwa herufi ndogo, nikamwonyesha. Alisoma huku midomo ikitembea, akatikisa kichwa kukubali, akaokota mwiko wake.

Nje, hatua za Lusajo zilikuwa zikirudi kupitia migomba.

"Mama mdogo!" aliita. "Amekula, anasema chumvi ilizidi!"

Seli hazijui mtu. Nimelisema hilo darasani, nimeliandika kwenye mtihani, na nitalisema tena nikiulizwa. Lakini ile sauti ilipofika mlangoni tuligeuka wote wawili, yeye na mimi, na sijui ni nani kati yetu aliyetangulia.